Pete ya Taa Iliyokuwa Kaburini

Nimefanya kazi ya bati na shaba tangu ujana. Nimewahi kuungua mkono mpaka kiwiko, na injini iliwahi kukatika mnyororo ikaanguka karibu na kichwa changu. Lakini nikiulizwa ni lini niliogopa kweli, sisemi habari za injini. Nasema habari za pete ya taa.

Pete ninayoisema ni ule mkanda wa madini unaozunguka kioo cha taa ya mbele ya gari na kukishikilia. Gari lenyewe lilikuwa la Mzungu mmoja mwenye shamba la mkonge. Lilikuwa gari la wazi, la turubai juu, kuukuu hata kwa wakati ule, miaka michache baada ya vita vya pili. Mwenyewe alikuwa anarudi kwao Uingereza kabisa, naye alitaka kulipakia melini likiwa kama lilivyotoka kiwandani. Akalileta katika gereji niliyofanyia kazi, Barabara ya Pugu.

Wenzangu walinyoosha bodi na kushona viti upya. Mimi nilipewa mapambo: vipini vya milango, fremu ya kioo cha mbele, kifuniko cha rejeta na pete za taa. Vitu hivyo havikuuzwa tena popote, kwa hiyo vilivyopotea nilivitafuta mitaani. Kipini kimoja cha mlango nilikikuta Kinondoni, kimefungwa kwenye sanduku la nguo la bibi mmoja. Kifuniko cha rejeta kilikuwa kwa muuza kahawa, amekigeuza kuwa kifuniko cha birika. Kazi hiyo niliipenda. Ilinifanya nizitazame nyumba za watu kwa jicho jingine.

Taa ya kushoto ilikuwa ya asili. Ya kulia, zamani sana, dereva wa Mzungu aliigonga kwenye mnazi ikaharibika, wakafunga taa ya lori mahali pake. Gamba la ile iliyogongwa nilifaulu kulifua upya, ila pete sikuwa nayo. Nikajaribu kuitengeneza. Nilikata shaba, nikaifua juu ya kalibu niliyoichonga kwa mti wa mninga, nikaviringa ukingo. Pete ya asili ilikuwa na shanga ndogondogo za madini kuuzunguka ukingo wote, sawasawa kama punje za mtama, na ilikuwa nyeupe mpaka ndani, madini yanayofanana na fedha lakini si fedha. Yangu niliisugua mpaka vidole vikachubuka. Mwenye gereji, Mhindi wa makamo asiyependa maneno mengi, akaitazama akiwa amesimama.

"Fundi, hii iko jino la dhahabu," akasema. "Bwana hataki jino. Anataka pete."

"Bwana, pete haipo."

"Ipo. Yeye alimpa dereva wake zamani. Dereva alikufa, lakini mke wake yuko Chanika. Nenda. Kama pete hakuna, gari halitoki, na wewe pia kazi hakuna hapa."

Aliyasema bila hasira, na kwa sababu hiyo niliyaamini.

Mke wangu alikuwa mjamzito. Mimba mbili kabla ya hiyo ziliharibika. Hii ya tatu ilikuwa imekwisha vuka pale zile mbili zilipoishia, nasi tulikuwa hatuisemi. Hatukununua hata kitambaa. Jirani akiuliza, mke wangu alijibu kwamba amenenepa kwa mihogo ya pwani. Mtu wa bara asiye na kazi mjini siku zile alikuwa mtu wa kusakwa. Ukikamatwa huna mwajiri, unapandishwa treni kurudishwa kwenu. Kwetu ni Tabora. Niliifikiria safari ile, mabehewa yale na tumbo lile, nikaona kwamba pete na mtoto wangu vimefungwa kamba moja.

Nikaenda Chanika kwa baiskeli. Ukipita vilima vya Pugu njia ilikuwa mchanga mtupu, na mara nyingi baiskeli ndiyo iliyonipanda mimi. Nyumba nilielekezwa upesi, maana dereva yule alijulikana. Nilimkuta mjane wake uani anamenya mihogo, mwanamke mrefu, sauti nzito.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Jasho lote hilo, umefukuzwa na nani?"

Nikamweleza: natoka Temeke, nafanya kazi gereji, nimetumwa kuulizia pete ya taa.

"Ipo," akasema.

"Naweza kuiona, mama?"

"Mwenyewe yuko nayo." Akaelekeza kisu nyuma ya nyumba.

Nilitazama nikaona makaburi chini ya mikorosho. Wazaramo wengi wa enzi zile walimwekea marehemu vyombo vyake juu ya kaburi, kikombe chake, sahani yake, taa yake. Na vyombo hivyo huvunjwa kwanza au hutobolewa, kwa sababu kitu kizima hakimfai mfu. Sharti nacho kife. Juu ya kaburi la dereva palikuwa na kikombe cha bati kilichotobolewa tako, birika lisilo na mdomo, na katikati, imezama kidogo mchangani, pete. Ilikuwa imekatwa kwa shoka mahali pawili na kutobolewa kwa msumari. Shanga zake niliziona toka pale niliposimama.

"Alikuwa anaisugua kila Ijumaa," mjane alisema. "Mie alikuwa hanisugui mgongo, lakini pete, kila Ijumaa." Kisha akaniangalia vizuri. "Kabila gani wewe?"

"Mnyamwezi."

Kisu kikaanguka kwenye beseni. "Mnyamwezi! Na nimekuitikia marahaba mpagazi mzima! Ndiyo maana bega moja liko chini, babu yako aliliinamisha kwa mizigo."

Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, tangu siku za misafara. Kila mtu analijua hilo. Kwenye msiba wa Mzaramo sisi tuna ruhusa ambayo ndugu wa damu hawana: kuzuia maiti isitoke, kunyakua kuku wa wafiwa, kumtukana marehemu mbele ya watoto wake, na hakuna wa kutukemea. Nililijua hilo kwa kulisikia tu. Baba yangu alikuwa katekista, nami nilikulia misheni, ambako mambo ya namna hiyo yalihesabiwa utovu wa adabu.

"Angekuja Mzungu mwenyewe nisingempa," mjane akasema. "Angekuja ndugu yake wa tumbo moja angeoza mkono. Lakini mtani ni mtani. Nenda kachukue."

Nikaenda. Alinifuata kwa nyuma, bado anacheka. Tukafika kaburini. Nilichofanya ndicho ambacho kila mtu aliyelelewa vizuri na mapadri angefanya. Nilivua kofia. Nikapiga magoti. Nikasema, "Shikamoo mzee. Niwie radhi, sikuja kwa ubaya." Nikafanya ishara ya msalaba, nikaiinua pete kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayepokea mtoto.

Nyuma yangu kicheko kilikuwa kimekatika.

"Umesema nini?"

"Nimemwomba radhi, mama."

"Nani alikuambia umwombe radhi?"

Niliitazama pete mikononi mwangu.

"Mtani haombi radhi," akasema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Mwenye kuomba radhi ni mtu baki. Umemwambia kwa mdomo wako kwamba unachukua kisicho chako."

"Basi nairudisha."

"Ukiirudisha umekiri wizi."

"Na nikienda nayo?"

"Umeiba."

Nikabaki nimeishika. Mchanga uliokuwa kwenye shanga za pete ukawa unadondoka miguuni kwangu.

"Una watoto?" akauliza.

"Bado."

"Mkeo?"

"Ana mimba."

Alikaza kanga yake kifuani, akarudi ndani, akafunga mlango. Ningependelea anitukane.

Njiani pete ililia ndani ya mfuko ikigonga pampu ya baiskeli. Nilishuka, nikavua shati, nikaizungushia ili inyamaze. Nilipokaribia Temeke niliona siwezi kuingia nayo nyumbani, alikolala mke wangu. Nikafukua mchanga kando ya ua nikaifukia. Niliposimama nikagundua kwamba nimeizika, nikaifukua mbio kwa kucha, nikaibeba mpaka gereji jioni ile ile na kuikabidhi kwa mlinzi. Mke wangu aliniuliza kwa nini natembea kifua wazi. Nikamwambia joto.

Asubuhi mwenye gereji alifurahi, kisha akakasirika. "Nani mshenzi amekata?"

"Sijui, Bwana."

"Haya, wewe unga tu."

Niliifunga kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania kazi mezani. Kuunga madini yale kunataka utulivu: unasafisha kingo kwa tupa mpaka zing'ae, unazikutanisha pasiwe na mwanga kati yake, unapaka dawa ya tinkali ili lehemu ya kuungia ikimbie vizuri, halafu unapuliza moto. Moto ukizidi, shanga zinayeyuka na kazi imekwisha. Nimeifanya mara nyingi nikiwa napiga mluzi. Siku ile tupa iliteleza mara kwa mara. Nilikuwa nafikiri: kitu hiki kilivunjwa makusudi ili kife pamoja na mwenyewe, nami nakifufua. Kikishafufuka kitahitaji uhai, na uhai huo utatoka kwa nani? Nilijiambia kwamba mimi ni Mkristo. Nikajiambia tena. Kisha nikawasha makaa.

Hapa nataka nieleze kwa mpangilio, kwa sababu nimesikia majirani wakilisimulia jambo hili vingine. Wao husema moto ulipogusa pete, ndipo mke wangu alipoanguka. Si kweli. Moto haukuwahi kuigusa. Makaa yalikuwa yanaanza kushika nilipomwona mke wa jirani amesimama mlangoni pa gereji, hana viatu.

"Twende," akasema. "Mwenzio anaumwa tumbo. Damu."

Na mke wangu mwenyewe aliniambia baadaye kwamba maumivu yalianza alfajiri alipoinua ndoo ya maji, ila alinificha. Nayaandika yote mawili. Wakati ule hilo la ndoo sikulijua, na kama ningelijua lisingenisaidia.

Niliichomoa pete kwenye jiliwa, sijui kwa nini, nikakimbia nayo. Nyumbani mkunga alikuwa amemlaza mkekani, miguu juu ya mto. Palikuwa na kitambaa kwenye beseni, nikajitahidi nisikitazame, nikakitazama.

"Asiinuke," mkunga aliniambia. "Asibebe hata kijiko. Ikikaa mpaka kesho, itakaa."

"Na isipokaa?"

"Nimekwambia ikikaa."

Mke wangu aliiona pete mkononi mwangu. "Hiyo nini?"

Nikamweleza yote: kaburi, mikorosho, maneno ya mjane. Nilidhani atalia. Alinitazama mdomo wazi.

"Umemwamkia?" akasema. "Umemwamkia Mzaramo aliyekufa?"

"Nilimheshimu marehemu."

"Umemwamkia!" Akaanza kucheka, akashika tumbo kwa maumivu, akaendelea kucheka machozi yakitoka, mpaka nikaogopa kicheko kuliko damu. "Baba yako amekufundisha sala zote, hakukufundisha kutukana? Bibi yangu alimkalia maiti wa Kizaramo kifuani, akadai mbuzi, akapewa! Wewe unapiga magoti!"

"Tulia, mama we," mkunga akamwambia.

"Nitatulia akitoka. Nenda! Kamtukane mtu wa watu kabla hajanikuta mimi hapa!"

Kwa hiyo alikuwa anaogopa naye. Sikuwa nimelijua hilo mpaka aliposema maneno yale ya mwisho.

Sikumbuki vilima vya Pugu siku ile. Nakumbuka tu kwamba mnyororo ulitoka, nikaurudisha. Chanika mjane aliniona toka mbali. Hakuuliza. Alipaza sauti kuwaita majirani, wanawake na wazee, na wote wakaja kusimama chini ya mikorosho kama watu walioitwa kushuhudia kesi.

Niliiweka pete pale pale nilipoitoa. Nikafungua mdomo.

"Wewe mzee," nikasema. "Wewe... ulikuwa dereva mbaya."

Wazee walitazamana.

"Ndiyo hilo tu?" mjane akasema. "Hilo hata askari wa barabarani alikuwa akimwambia."

Mtu mmoja akaguna. Nikajaribu tena. Niliyaona macho yote yale, nikaliona kaburi, nikauona mkeka kule Temeke na kile kitambaa kwenye beseni. Hasira ikaja. Sijui nilimkasirikia nani.

"Mzaramo mvivu wewe!" nikapiga kelele. "Umekufa ili usilime! Umejilaza hapo unangoja ngoma ya mdundiko ipite uamke ucheze! Gari la watu umelitia kwenye mnazi, badala ya kuona haya ukaomba na pete, ukamnyima mkeo mgongo! Babu zangu wamewabebea mizigo, nyie mmekaa mnakuna nazi! Naichukua pete hii, ni yangu, na ukithubutu kunifuata Temeke nitakufunga kamba nikubebeshe gunia la chumvi kichwani mpaka Tabora, kwa miguu!"

Watu walilipuka. Bibi mmoja aliketi chini kwa kucheka. Mimi sikucheka. Niliinyakua ile pete kwa mkono mmoja, kama mtu anayechukua chake, na mkono wangu ukawa baridi mpaka begani.

"Mpagazi!" mjane akanijibu, na sasa alikuwa analia na kucheka pamoja. "Chukua takataka yako utoke! Chukua na kuku huyu, utuachie maiti wetu alale!" Akanitupia jogoo aliyefungwa miguu. Ndivyo ilivyo: wafiwa humpa mtani kitu ili awaondokee. Akaniegemea kidogo, akasema chini chini, "Nenda upesi kwa mkeo."

Nilirudi jua likiwa linazama. Mke wangu alikuwa amelala, nikaweka kiganja mbele ya pua yake mpaka nikahisi pumzi. Mkunga alisema damu ilikatika wakati wa alasiri. Nikapiga hesabu. Alasiri nilikuwa bado njiani kwenda, sijamtukana mtu, nafunga mnyororo wa baiskeli. Sikumwambia mtu. Nilikuwa naogopa kuligusa jambo lile, upande huu au upande ule.

Pete niliiunga. Ilichukua muda, kwa sababu kila nilipomaliza kuishika nilinawa mikono kwa sabuni ya kufulia kabla sijaenda nyumbani. Tundu la msumari nililiziba kwa kipande cha madini yale yale kutoka kwenye kipini kilichovunjika. Shanga mbili nilizichonga upya kwa patasi. Gari likatoka, taa zake mbili zikifanana, Mzungu akalizunguka akitikisa kichwa kwa kuridhika, nami nikabaki na kazi yangu. Niliambiwa kwamba lilipakiwa salama. Sikwenda bandarini.

Hofu haikupanda meli. Ilikaa nasi chumbani miezi yote iliyobaki. Mke wangu akigeuka kitandani niliamka. Akinyamaza muda mrefu nilimsemesha. Yeye hakuuliza tena habari za Chanika, nami nilimwona akihesabu kwa vidole anapodhani simwangalii. Hatukununua kitambaa.

Uchungu ulipomshika, mkunga alinitoa nje. Nilikaa barazani. Asubuhi ile mjane alikuwa amekuja na kifurushi cha unga wa muhogo, kama alivyoanza kuja mara kwa mara, akapitiliza ndani bila kuniangalia. Nilisikia sauti ya mke wangu, kisha nikasikia sauti za wanawake peke yao, kisha sikusikia kitu. Nilisimama. Nikaketi. Nilikuwa nimekwisha anza kujiandaa kupokea habari, kama nilivyofanya mara mbili kabla ya hapo.

Mlango ukafunguliwa. Mjane akatokea, mikono imelowa, uso haucheki.

"Mnyamwezi."

Niliitazama mikono yake.

"Njoo utazame ulicholeta duniani. Tangu nizaliwe sijaona mtoto mbaya namna hii. Pua kama ndizi iliyokanyagwa."

Ndani, kitu kililia, kwa hasira, kwa pumzi nyingi. Nilishika nguzo ya baraza.

"Jibu basi, mtani," akasema, na sasa alikuwa ameshika bega langu, lile alilosema liko chini. "Ukinyamaza, mtoto atadhani ni kweli."

Nikamwambia kwamba mtoto alizaliwa mzuri, ubaya huo kaupata kwa kutazamwa na Mzaramo. Ilinichukua muda kulimaliza neno hilo.